Jina la Timbreli Lilivyoingia Mgogoni

Waliokuwapo Mgogoni siku ya hitima ya Ali nitawataja, ili asitokee mtu akasema nimezusha. Alikuwapo mjane wake, Zuhura binti Hamadi, yuko chumbani na eda yake, mlango umerudishwa nusu. Walikuwapo watoto wake wanne: Massoud aliyevuka kutoka Tanga, Bikombo, Omar, na Raya kitinda mimba. Alikuwapo Haroub wa Massoud, mjukuu wa marehemu, kijana aliyesoma mpaka macho yakataka miwani. Alikuwapo binti yangu Salama, niliyekuja naye kutoka Chokocho. Yeye na Ali walizaliwa nyumba moja, wakapishana siku kumi na moja. Na miye, Kaije binti Faki. Kwa marehemu mimi ni mama kwa njia mbili. Mamake, Mize, alikuwa mkoi wangu, yaani babake na mamangu ni ndugu. Tena tuliolewa na ndugu wawili, miye na Kombo, yeye na Said, tukakaa nyumba moja chini ya mavyaa mmoja, Bi Riziki, mama wa waume zetu. Kombo hayupo, Said hayupo, Bi Riziki hayupo, na Mize huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu atangulie. Katika watu wa nyumba ile waliokuwa na akili zao mwaka ninaotaka kuueleza, nimebaki mimi.

Hitima ilisomwa, watu wakala, wageni wakaaga, tukabaki wenyewe kwa wenyewe ukumbini na birika la chai ya mchaichai na mkate wa kumimina. Hapo Haroub akakunjua karatasi kubwa aliyoichora ukoo wa babu yake. Kila jina juu ya karatasi ile lilimalizikia kwa Timbreli. Massoud Ali Timbreli, Haroub Massoud Timbreli, na wengine kwa wengine, wa hapa Pemba, wa Unguja, wa Tanga, wa Maskati, na mtoto wa Omar aliyeko Uingereza kwenyewe, anayetunza wazee. Haroub akasema amelitafuta jina hili kwao lilikotoka, akakuta tangu zamani lilikuwa adimu, watu wa vijumba vichache, na leo kulipata huko ni shida. Akasema huenda wenye jina hili walio wengi duniani ndio hawa waliokaa juu ya mkeka huu. Watu wakacheka ile cheko ya kuridhika. Kisha akaeleza asili yake: kwamba palikuwa na bibi wa Kiingereza asiye na mtoto, aliyempenda bibi yake Mize kama ndugu, akamwomba amhifadhie jina lake lisipotee, na Bibi Mize kwa huruma zake akalipokea akampa mwanawe. Akanigeukia. "Ndivyo, Bibi Kaije?" Nami nikasema ndivyo. Nilikuwa na kikombe mkononi na chai imeshapoa, nikainywa hivyo hivyo yote. Haikuwa ndivyo. Tangu siku ile sijakaa nikatulia, na ndiyo sababu nimechukua daftari, ingawa darasa nililifika la pili tu na mkono wangu wa kuandika ni mzito.

Mapinduzi yalikuwa bado kama miaka mitano. Nilikuwa na miaka kumi na saba, au kumi na minane, na mimba yangu ya kwanza. Mize naye na yake, inayozidi yangu kidogo. Nyumba ya Bi Riziki ilikuwa ya udongo na mawe, vyumba viwili huku na viwili huku, katikati ukumbi uliotoka mlango wa mbele mpaka uani. Kitanda cha Bi Riziki cha kamba kilikuwa ukumbini humo, kimewekwa pahala ambapo ukilala unaona mlango wa mbele, na ukigeuka unaona jiko. Hapakuingia mtu wala haikutoka sufuria asijue. Asubuhi, kazi za mashamba zikiisha kabla jua halijakuwa kali, wanawake wa jirani walikusanyika ukumbini pale kusuka ukili wa mikeka. Ukindu tulishauchemsha na rangi, nyekundu, kijani na zambarau, umeanikwa uani kama nywele za majini, na kila mtu amekaa na fungu lake pajani, anasuka na kusema watu. Chumba changu na cha Mize vilitazamana. Usiku nikikohoa ananiuliza asubuhi. Mumewe, Said, alikuwa Tanga bandarini, anakuja mara mbili kwa mwaka. Wangu, Kombo, alikuwapo nyumbani kila siku. Hilo sikulitia maanani wakati ule. Nalitaja sasa kwa sababu lina mahali pake.

Bi Timbreli alikuja na nduguye. Nduguye alikuwa mpima ardhi, aliletwa na serikali kupima njia, akipita mashambani na minyororo na bendera nyekundu juu ya fito. Walikaa Chake katika nyumba ya serikali. Yeye hakuwa na mke, dada hakuwa na mume, akaja kumwekea nyumba. Siku ya kwanza gari lilimwacha njia kuu, akaja kwa miguu, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, shingo nyekundu kwa jua, na kofia ya majani. Alipoingia hakututazama sisi, alitazama mkeka. Akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni, neno moja moja kama anayevuka matope, kama anaweza kuketi. Tukacheka, maana kwetu haombi mtu kukaa. Alitaka kujifunza ukili. Na hapo Bi Riziki, kitandani pake, akasema maneno niliyoyavaa mwaka mzima kama kanga mpya: "Kaa na Kaije, huyo ndiye mwenye mkono."

Basi akakaa nami. Alikuja siku mbili kwa wiki, halafu tatu. Vidole vyake vilikuwa virefu lakini vikavu, ukindu ukimkata hasemi kitu, ananyonya damu na kuendelea. Nilimfundisha kuanza na ukili wa nyuzi nne, kisha wa sita, kisha wa rangi. Jina lake mwenyewe lilikuwa Edith, lakini alisema tangu mamake afe hapana anayemwita hivyo, na kwa nduguye watu walikuwa wakisema Bwana Timbreli, na yeye wakamwita Bi Timbreli, akaitika. Mimi nilimhesabu wangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Akimwomba Mize ampitishie fungu la ukindu, ninalifikia mimi kwanza. Akicheka kwa neno la mtu mwingine, nalichunguza neno lile nione lina nini. Wanawake wa Mgogoni waliniuliza, "Mzungu wako leo haji?" na ile "wako" ilinishibisha kuliko chakula. Sikutaka kitu chake. Hakuwa mtu wa kutoa vitu. Nilichotaka ni kwamba katika ukumbi wote ule, wenye wanawake kumi na zaidi, wazuri kuliko mimi na wenye maneno kuliko mimi, mtu aliyetoka mbali vile aliingia akanitafuta mimi kwa macho.

Siku ya habari ya jina tulikuwa tunakula. Muhogo wa kuchemsha, pweza wa kukaanga, na bilauri za maji ya balungi. Bi Riziki akamuuliza Bi Timbreli swali ambalo kila mtu kwetu huulizwa, kwamba weye wa ukoo gani. Akajibu bila haraka. Kwao, alisema, jina la ukoo hukaa mwisho wala haliondoki, baba kwa mwana kwa mjukuu, jina lile lile. La kwao lilitoka kijijini, pahala padogo penye kinu cha maji cha kusaga nafaka, na wote wenye jina hilo walitoka kwenye kinu kile. Hawakuwa wengi hata siku moja. Kijiji chenyewe hakipo, pamebaki kondoo na ukuta. Wengine walikwenda ng'ambo, wengine walikufa vita vya kwanza, wengine vya pili. Mwanamke kwao akiolewa huliacha jina kwa mlango wa kwao akaingia la mumewe. Sasa aliyebaki mwanamume ni nduguye huyu anayepima njia, na huyu hana mtoto, na umri umekwenda. Akatafuna muhogo wake. Alilisema kama mtu anayesema mwaka huu mvua haikunyesha vizuri.

Bi Riziki akaweka muhogo chini. Nawaombeni mwelewe jambo hili, nyinyi mliozaliwa juzi. Kwetu jina haliachwi lifukiwe na mtu. Akifa Faki, katika ukoo huzaliwa Faki mwingine, na watu humwambia mtoto "weye babu" na kumchekea kama wamemwona mwenyewe amerudi. Jina lisilopata mtoto wa kulichukua lilikuwa kitu cha kutisha, kitu cha watu waliolaaniwa. Ukumbi mzima uliacha kula. Bi Riziki akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hapana hata mmoja wa kumpa?" Bi Timbreli akatabasamu, akasema hapana hata mmoja. Bi Riziki akasema, "Masikini wa Mungu," na mchana ule hakula tena.

Nami moyoni nilikuwa nimekwishaamua. Siku ya pili yake tulikuwa wawili uani, mimi na Bi Timbreli, tunageuza ukindu kwenye sufuria ya rangi, mikono yetu myekundu mpaka vifundo. Nikamwambia, nikijaaliwa mwanamume, atakuwa Timbreli. Akasahau mikono yake ilivyo, akanishika shavu, na alama ya vidole vyekundu ikabaki usoni mwangu mpaka siku ya pili. Kombo alinicheka sana. Bibi mwenyewe alisema ahsante tu. Hatukumwambia mtu. Nilikuwa nimepata kitu ambacho hapana mwanamke Mgogoni mwenye nacho. Nitamzaa mtoto wa kuunyanyua ukoo uliokwisha, na mimi na bibi yule tutakuwa tumeungana mpaka mwisho wa dunia, na Mize na wengine watakaa pembeni watazame.

Mwezi wa saba wa mimba miguu yangu ikafura. Nikafura uso, nikafura mikono, mkunga akaja akasema nilale, nisikae chini, nisiinamie ukindu. Nikawekwa chumbani kwangu na ukuta ukawa baina yangu na ukumbi. Hapo ndipo nilipojua ukuta ni kitu gani. Nilisikia yote. Nilisikia Bi Timbreli akiingia, akiniulizia, akija mlangoni kunisalimu, akikaa kidogo kwenye kigoda. Kisha nasikia akirudi ukumbini, na mkeka ukilia anapokaa, na sauti ya Mize karibu kabisa na yake. Mize hakujua kusuka. Ukili wake ulikwenda upande kama kaa. Lakini alijua kuchekesha. Alimwiga shehe, alimwiga mkunga, alimwiga nduguye bibi akitembea na fito zake, na Bi Timbreli alicheka cheko ambayo mimi katika miezi mitano sikuipata kwake hata mara moja, cheko ya tumboni, ya mtu aliyesahau kuwa ni mgeni. Nilikuwa nimelala nikitazama boriti, nahesabu. Naye akichelewa kuondoka nasema nafsini, amekaa kwa Mize kuliko alivyokaa kwangu. Siku moja nikamsikia Mize akisema, waziwazi, mbele ya watu wote, "Bi Timbreli, mwanangu akiwa wa kiume nitamtia jina lako." Wanawake wakasema, he, he, Mize bwana. Bi Riziki akasema hilo ndilo neno. Na Bi Timbreli, ambaye alijua lile jina nimeshaliahidi mimi, sikusikia amesema kitu. Labda alitikisa kichwa, labda alicheka. Sikuona. Ukuta.

Mize alizaa mwanamume, asubuhi ya Jumatatu, bila taabu. Siku kumi na moja baadaye nikazaa mimi, baada ya siku mbili za taabu, na walipomnyanyua mkunga akasema, "Mwanamke, mashallah." Nitaandika hapa kitu ambacho Salama sijamwambia, na atakisoma humu. Asubuhi ile sikutaka kumtazama. Niligeukia ukutani. Bi Riziki akamweka kifuani pangu kwa nguvu, akasema, "Nyonyesha, mwana hana kosa." Nikanyonyesha nikiwa nimefumba macho. Bi Timbreli alikuwa ameshasema mwenyewe, mwanamke kwao huliacha jina mlangoni. Hata ningemwita Salama jina lile, lisingefika popote.

Lakini la kwa Mize nalo halikwenda alivyotaka. Siku ya saba, kabla yangu mimi kujifungua, mbuzi wa akika amechinjwa, mtoto ananyolewa nywele, Shehe Bakari wa chuoni akauliza jina. Bi Riziki akamwambia. Nilikuwa mlangoni, nimeegemea, na miguu yangu kama magogo. Shehe hakukasirika. Alikuwa mtu mpole. Alisema tu kwamba mtoto wa Kiislamu apewe jina zuri la Kiislamu, kwamba la Nasara haliingii katika akika hii, na kama kuna huruma kwa bibi yule basi aombewe uongofu. Mize akainamisha kichwa. Alikuwa mwoga wa mashehe tangu utoto wetu. Akasema, "Basi Ali." Akawa Ali bin Said. Bi Timbreli alikuwapo, amekaa nyuma na wanawake, ameleta shali ya sufu aliyoifuma mwenyewe, ya kumviringia mtoto. Alielewa. Alisema Ali ni jina zuri sana, akamfunika, akatoka nje kidogo, akarudi. Na baada ya hapo hapana aliyelitaja tena. Bi Riziki alilinyamazia, Mize alilinyamazia. Lile jina lingekufa siku ile ile, kwenye majivu ya jiko la akika. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikaona tumekuwa sawa.

Hatukuwa sawa. Bi Timbreli aliporudi kuja baada ya arobaini yetu, alikuwa akiingia anakwenda moja kwa moja kwa Ali. Alimbeba Ali. Alimtembeza Ali uani akimwonyesha kuku. Salama alimshika kichwa, akasema mzuri, akapita. Huenda nilikuwa nahesabu vibaya, huenda ni kwa sababu Ali alikuwa mtoto wa kucheka na Salama mtoto wa kulia. Wakati ule sikuona hivyo. Niliona mwanangu anapitwa kama kigoda. Basi siku moja kisimani, tumejaa wanawake na watoto, Ali analia juu ya kanga iliyotandikwa chini ya mnazi na Mize ameinama anavuta maji, nikamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mize, mchukue Timbreli wako, analia." Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja wa upande wa juu akauliza kama huyu ndiye mtoto wa Mzungu. Nikasema muulizeni mamake. Alikuwa mweupe kidogo, Ali, kama babu wa Bi Riziki alivyokuwa, na Said yuko Tanga. Nilijua nilichokuwa nikikisema. Watoto wa kisimani walikidaka hapo hapo, wakaenda nacho njia nzima ya kurudi.

Sikuacha. Kila nilipoona watu, nilimwita Ali hivyo. Timbreli amelala. Timbreli amejisaidia. Mpeni Timbreli uji. Nilisema kwa kucheka, ili mtu akikasirika niseme nilikuwa nafanya mzaha. Mgogoni pana watoto wengi, na mtoto akipewa neno lenye mlio haliachi. Wakawa wanakuja mlangoni kwetu kumchukua wamchezeshe, wanaita jina hilo kabla ya kusema hodi. Said akaja likizo akalikuta, akamuuliza mkewe maswali. Siku mbili hawakusemezana. Niliwasikia, maana ukuta husikika pande zote mbili. Alipoondoka, Mize alinifuata jikoni. Nilikuwa nakuna nazi. Hakupiga kelele.

"Kaije, mwanangu ana jina."

"Si ulilitaka weye hilo?"

"Nililitaka. Nilijua umeshaliahidi, alinambia bibi mwenyewe. Nikalitaka hivyo hivyo." Akakaa chini, mgongo ukutani. "Weye una mkono wa ukili, Mama anakusifu kila siku. Una mume anayelala nyumbani. Miye siku ile nilipomchekesha yule bibi nilijiona na miye n'na kitu. Basi. Sasa nirejeshee mwanangu."

Nilikuwa sijapata kudhani kuna mtu duniani wa kunionea wivu mimi. Nilipaswa kuiacha mbuzi ya nazi, nikae naye pale chini. Badala yake nilifikiri: kumbe alijua. Na nikaendelea kukuna. Nikamwambia mimi sikuwafundisha watoto wa watu, watoto wana midomo yao. Akanyanyuka akaenda chumbani kwake. Kuanzia siku ile tukipakua chakula yeye anakula na Bi Riziki, mimi nakula na Kombo, na Bi Riziki akitutazama mmoja mmoja bila ya kuuliza.

Mwaka na miezi kadhaa ilipotimia tangu waje, nduguye Bi Timbreli alimaliza njia zake, wakaitwa kwao. Akaja kuaga. Bi Riziki alipika bokoboko la kuku na samli, tukatandika mkeka ule mkubwa, na mkeka ule ukili wake mwingi ni wangu, na kipande kimoja karibu na pindo ni chake yeye, kimepinda kidogo. Tumpe auchukue, alisema Bi Riziki, na akaupokea kwa mikono miwili. Tukala. Ali alikuwa ameanza kutambaa, ametoka kwenda uani, na huko watoto wa jirani walikuwa wakimshindanisha kati yao, kila mmoja anataka atambae kwake, wanapiga makofi na kumwita. Timbreli, njoo. Timbreli, huku. Watoto sita, saba, sauti nyembamba zinapanda juu ya ukuta wa makuti. Hawakuwa na ubaya ndani yake tena. Kwao lilikuwa jina la mtoto tu, na wanampenda. Ubaya wote ulikuwa umebaki kwangu.

Bi Timbreli aliacha kutafuna. Akasikiliza. Akanyanyuka, akaenda mpaka mlango wa uani, akasimama na mkono juu ya mwimo, na mgongo wake ukaanza kutikisika. Tulidhani ameumwa. Alipogeuka uso wake ulikuwa maji matupu, naye anacheka. Akasema, kwa Kiswahili chake kile cha neno moja moja, kwamba alidhani jina limekataliwa na hakutaka kuuliza, kumbe wamempa hivyo hivyo, kumbe kijiji kizima kinamwita. Akaja moja kwa moja kwa Mize. Akapiga magoti juu ya mkeka, mwanamke mzima yule, akamshika mikono. "Ahsante, dada yangu," akamwambia. "Ahsante. Umetufufua."

Mize alinitazama juu ya bega la bibi yule. Ningeweza kusema. Yeye naye angeweza. Angesema tu si miye, muulize Kaije alivyolieneza na kwa nini, na ningezama ardhini. Hakusema. Alimpigapiga bibi yule mgongoni kama anayemliwaza mtoto, akasema, "Bila shaka, Bi Timbreli, atalichukua." Nami nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale, Salama pajani, mikono yangu ndiyo iliyosuka kila kitu alichokipigia magoti. Na ninachokumbuka, nilichokishikilia miaka sitini hii, ni kwamba alipokwenda kupanda gari aliwakumbatia wote, na zamu yangu ilipofika nduguye alikuwa ameshapiga honi.

Baada ya hapo Mize mwenyewe akaanza kumwita mwanawe Timbreli. Alikuwa ameahidi. Ali alipopelekwa skuli, mwalimu alikuta Ali bin Said watatu darasani. Akauliza huyu wa nne tumtofautishe vipi, na watoto wa Mgogoni, wale wale wa uani, wakajibu kwa pamoja. Mwalimu akaandika Ali Timbreli. Karatasi moja ikazaa nyingine, cheti kikazaa cheti, na zilipokuja kadi za vitambulisho, ofisini wanataka jina la mwisho, jina lile lilikuwa limeshakaa mwisho, mahali pale pale lilipokuwa likikaa kwao. Ali akazaa wanne, na wanne wakazaa, na wote nimewaona juu ya karatasi ya Haroub. Salama amezaa sita. Ni watoto wazuri, hawana shida, wana majina ya baba zao na babu zao, na juu ya karatasi ile hakuna hata mmoja. Niliitazama nikaitafuta nafasi ambayo pengine Haroub angeweka jina langu, hata kwa herufi ndogo, hata pembeni, nikaona hakuna, na moyo wangu ukanichoma, mwanamke wa umri huu, kwenye hitima ya mtoto niliyemchafulia jina. Mize na mimi tulirudi kusemezana, tulizikiana wazazi, tulilea pamoja, mwisho nilimwosha mimi. Lakini habari hii hatukuigusa hata siku moja.

Hivi ndivyo nilivyoyaona. Naweza kuwa nimekosea siku, au rangi ya shali, au nani alikaa wapi. Na kwamba Shehe Bakari alisema hivyo hasa au alisema vingine, siapi. Kama yupo mtu wa Mgogoni au Chake aliyesikia kwa wakubwa zake kwamba si mimi niliyeanza kisimani, aje aniambie, ingawa sitamwamini. Lakini wale watoto waliokuwa uani siku ile ya kuaga, sita au saba, leo wazee wenzangu, kama mmoja wenu yu hai na alichungulia ukumbini wakati ule, na akakumbuka kwamba yule bibi alipotoka kwa Mize aligeuka pia kwangu, akanishika au akalitaja jina langu, basi hapo nimekosea, na namwomba anisahihishe upesi.